Fundi hamalizi nguo: kero moja na wazo la biashara ambalo bado halijaiva

Kumi la mwisho la Ramadhani likishaingia, simu za mafundi cherehani wa Dar es Salaam huanza kutopatikana. Yule anayepokea atakwambia nguo iko tayari, imebaki kupigwa pasi tu. Ukifika kibandani, Magomeni au Mbagala, unakuta kitambaa chako kimekunjwa vilevile ulivyokiacha, karatasi ya vipimo imebanwa kwa pini, na fundi anakupokea kwa bashasha: "Shangazi, nilikuwa nakusubiri wewe tu, mkasi huu hapa mkononi." Desemba ni yaleyale. Na msimu wa harusi, ambao siku hizi hauna mwanzo wala mwisho, ndiyo usiseme.

Kero hii imezaa mawazo ya biashara chungu nzima. Popote vijana wanapokusanywa kuonyesha ubunifu wao mbele ya majaji, hakosi mmoja wa kusimama na kisa cha gauni la sendofu la dada yake lililoletwa usiku wa shughuli likiwa halina zipu. Ukumbi unacheka, majaji wanatikisa vichwa kwa sababu kila mmoja ameshaumizwa na fundi wake, kisha inakuja slaidi ya pili: aplikesheni. Mteja anachagua fundi aliye karibu, analipa kwa simu, anafuatilia nguo yake imefika hatua gani, akimaliza anampa fundi nyota. Wenyewe wanaiita Uber ya mafundi cherehani.

Sina ugomvi na aplikesheni. Ninachokipinga ni imani iliyo chini yake, kwamba aliyekerwa anaijua sababu ya kukerwa kwake. Kero inakuonyesha panapouma wewe. Kwa nini panauma, na nani yuko tayari kutoa pesa pasiume, hayo mara nyingi anayajua mtu mwingine, na mtu huyo kwa kawaida ndiye uliyemkasirikia. Kwa hiyo wazo lililotokana na kero haliwezi kuiva likiwa bado limekaa upande wa mteja. Lazima lihame, likakae kwenye stuli ya fundi.

Twende basi kwa fundi. Nazungumzia fundi wa kawaida wa mtaani, mwenye cherehani mbili, Singer ya miguu na nyingine ya umeme, kijana mmoja anayejifunza kazi, na kibanda cha kupanga kwenye baraza la nyumba ya mtu. Tuseme gauni la kitenge anashona kwa shilingi 30,000, na mteja anatanguliza 15,000. Kwa hesabu ya darasani, kianzio hicho ni cha bitana, zipu, uzi na gamu. Kwa hesabu ya kibandani, kabla ya adhuhuri kimeshagawanyika: kidogo kodi ya kibanda, kidogo umeme, kidogo chakula cha nyumbani, na kilichobaki kinanunua bitana ya gauni la mteja wa wiki mbili zilizopita, ambaye kianzio chake kilishaliwa siku nyingi. Nguo ya leo inamaliziwa kwa pesa ya mteja wa kesho.

Ukiuona mzunguko huo, tabia ya fundi inaanza kueleweka. Hawezi kumkataa mteja mpya hata kama meza imejaa mpaka kwenye ungo wa vifungo, kwa sababu akimkataa, nguo ya mteja wa zamani haitapata zipu. Hawezi kumwambia ukweli kwamba nguo itachukua wiki tatu, kwa sababu mteja atachukua kitambaa chake na kwenda kwa jirani, ambaye naye atasema Jumamosi. Ile "njoo kesho" inayotutia wazimu ndiyo bei ya kukishika kianzio.

Halafu kuna foleni yenyewe. Sisi tunadhani hakuna foleni. Ipo, ila haifuati tarehe ya kuleta kitambaa. Anayeshonewa kwanza ni yule anayepiga simu kila siku, au aliyekuja na kukaa kwenye benchi akasema haondoki. Yaani kipaumbele kinauzwa, na kinalipiwa kwa kelele na muda. Mtu mpole, aliyesema "nitakuja ukiwa tayari, fundi", amejiweka mkiani kwa hiari yake. Kwa mtu anayetafuta biashara hilo ni jambo kubwa kuliko slaidi zote: wateja wameshakubali kulipia haraka, ila hawajapata pa kulipia kwa pesa.

Na kitambaa kinalala wapi muda wote huo? Kwanza, hakijakatwa. Kushona mistari iliyonyooka anaweza yule kijana, lakini kukata anakata fundi mwenyewe, na hakati huku watu wanaingia na kutoka wakimsalimia, maana mkasi ukikosea atalipa kitambaa cha watu. Anakata alfajiri au usiku, kichwa kikiwa kimetulia. Pili, si kila fundi ana ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, na mashine ya matundu ya vifungo au ya kudarizi wanazo wachache zaidi. Fundi wetu anasubiri nguo zifike nne au tano ndipo kijana azibebe kwenye mfuko kwenda kwa mwenye ovaloki mtaa wa pili, ambako nako kuna foleni. Tatu, zipu ya rangi ile haipo dukani jirani, mpaka Kariakoo. Nne, umeme. Wakati wa mgao ule ulioanza mwishoni mwa 2023 ndipo wengi waliomwambia fundi auze Singer ya miguu walipokaa kimya.

Kuna jambo la tano ambalo sijawahi kulisikia jukwaani. Angalia ukutani kibandani. Zimening'inia nguo zilizokwisha kabisa, zimepigwa pasi, zimefunikwa mfuko wa nailoni, na wenyewe hawaji. Mmoja aliahirishiwa harusi, mwingine hana pesa ya kumalizia, wa tatu alinunua dera Kariakoo akasahau kwamba ana nguo kwa fundi. Kila nguo iliyoning'inia pale ni nusu ya malipo iliyokwama. Fundi naye ana kero yake, na kero yake ni wewe.

Sasa rudisha ile aplikesheni hapa kibandani uone itafanya nini. Kazi yake ni kumletea fundi wateja. Wateja wapya maana yake vianzio vipya, na vianzio vipya maana yake foleni ndefu zaidi ya ileile. Umemwongezea ugonjwa. Nyota? Fundi akipata nyota moja atasajili laini nyingine na kuanza upya kwa jina la mdogo wake. Isitoshe, fundi mzuri kweli, yule ambaye kina mama wa mtaa mzima wanagombania kazi yake, hana shida ya wateja na hana muda wa kujaza fomu ya kwenye simu. Watakaojisajili kwa wingi ni wale wasio na kazi, na mara nyingi hawana kazi kwa sababu. Na hata ukibahatisha kumkutanisha mteja mzuri na fundi mzuri, wakishajuana na kubadilishana namba, wewe wa katikati shughuli yako imekwisha. Gauni la pili hataagizia kwako. Hicho ndicho kimeua biashara nyingi za kuunganisha watu na mafundi wa kila aina, wawe wa bomba, wa umeme au wa friji, na sijui kwa nini kila mwaka tunaanza upya kana kwamba hatujaona.

Mfano wa wazo la kero lililoruka hatua hii upo karibu, Nairobi. Mfaransa Robin Reecht alianzisha Kune Food, kampuni ya kuuza chakula kilichopikwa tayari, na maelezo aliyotoa ni kwamba siku zake za mwanzo mjini aliuliza atapata wapi chakula kizuri kwa bei ndogo, akaambiwa haiwezekani. Juni 2021 kampuni ikatangaza kupata dola milioni 1 za kuanzia. Wakenya mtandaoni walimshukia. Nairobi ina vibanda vya chapati madondo, ugali na sukuma, githeri, mama anakupakulia sahani ikajaa, tena kwa mkopo ukiwa mteja wake. Alichokikosa mgeni yule kilikuwa kipo kila kona, ila hakikuwa na sura aliyoizoea. Kune iliuza chakula kwa bei ya kama dola 3 sahani, na mwaka mmoja baadaye, Juni 2022, ikafunga, ikisema bei hiyo haikutosha kubeba ukuaji wa kampuni.

Watu walimcheka kwa ugeni wake. Mimi nadhani ugeni si kosa lenyewe. Mtoto wa Mikocheni naye anaweza kukerwa kwa niaba ya tabaka lake tu, akadhani nchi nzima inakerwa vilevile. Kosa lilikuwa kutouliza ni nani tayari anaishughulikia kero hii, anaishughulikia kwa gharama gani, na kwa nini hajaongeza bei. Mama wa kibanda hana ofisi, hana wasambazaji wa pikipiki wa kuwalipa mshahara, hana jiko la viwango vya mwekezaji. Kushindana naye kwa bei ni kujitafutia maradhi. Kwenye nguo mshindani naye si aplikesheni nyingine. Mshindani ni dera na gauni la dukani, linalonunuliwa leo na kuvaliwa leo. Mwanamke aliyechoshwa na fundi hatafuti fundi mwingine mtandaoni; anaacha kushona. Kwa hiyo soko unalotaka kulipanga linaweza kuwa linapungua chini ya miguu yako, na hilo linatakiwa lijulikane kabla ya kwenda BRELA kusajili jina. (Kuchapisha fulana zenye nembo kabla ya kumpata mteja wa kwanza ni ugonjwa mwingine, tuuache.)

Hesabu ya pili ni ya mara ngapi. Kero inaweza kuwa kali sana na bado isiwe biashara, kwa sababu haitokei mara nyingi. Tuseme mteja wako anashona nguo nne kwa mwaka, kila moja 30,000. Hiyo ni 120,000. Ukikata kamisheni ya asilimia 10, unapata 12,000 kwa mwaka mzima, na hapo nimedhani hatakukwepa hata mara moja, jambo ambalo tumeshaona haliwezekani. Toa tozo za miamala, toa matangazo ya kumpata, toa mtu wa kupokea simu zake za hasira usiku wa kuamkia Idd. Hakuna kitu.

Geuza upande. Fundi anayeshona magauni matano kwa wiki anatumia, tuseme, 6,000 ya bitana, zipu, uzi na vikorombwezo kwa kila moja. Ni 30,000 kwa wiki, na kwa wiki 50 ni milioni moja na nusu. Faida ya asilimia 10 ileile inakupa 150,000 kwa fundi mmoja. Fundi mmoja ni zaidi ya wateja 12, anarudi kila wiki, na unajua kibanda chake kilipo. Tarakimu hizi ni za mfano, kila mtu aweke za mtaa wake, lakini uwiano hautabadilika sana. Ukikerwa kama mteja, uwezekano ni mkubwa kwamba biashara iko kwa yule anayekukera.

Kuna waliohama namna hii wakafanikiwa, na hadithi zao husimuliwa vibaya, kama vile mtu aliamka na wazo zima kichwani. M-Pesa haikuanza kama njia ya kumtumia mama pesa kijijini. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone walikuja na mpango, uliochangiwa fedha na serikali ya Uingereza, wa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ndogo za fedha kurejesha mikopo kwa simu. Majaribio yalianza 2005 pamoja na Faulu Kenya, Nairobi na Thika. Faulu ilipata tabu kuoanisha mfumo ule na vitabu vyake na mikutano ya vikundi. Wakati huohuo watu wa majaribio wakawa wanafanya mambo ambayo hawakuagizwa: wanatumiana pesa wao kwa wao, wanaihifadhi kwenye simu wasisafiri na fedha taslimu, wanawanunulia ndugu wa mbali muda wa maongezi. Safaricom ilipoizindua Machi 2007, mkopo ulikuwa umewekwa pembeni na ujumbe ulikuwa mmoja tu, kutuma pesa nyumbani. Kilichowaokoa ni kutazama, na ujasiri wa kuitupa sehemu ya mpango iliyokuwa imelipiwa.

NALA ya Mtanzania Benjamin Fernandes nayo ilianza na kero ambayo kila mwenye simu Tanzania anaijua: kupiga *150*00#, kuchagua namba, kusubiri, kuchagua tena, halafu mtandao unakutupa nje ukiwa umebakiza namba ya siri. Akatengeneza aplikesheni inayofanya miamala hiyo bila intaneti. Kero ilikuwa ya kweli na watu waliipenda. Lakini baadaye kampuni ikahamia kwenye kutuma pesa kutoka Uingereza, Marekani na Ulaya kuja Afrika, na huko ndiko ilikokulia. Tafsiri yangu, na ni yangu, ni kwamba aliyechoshwa na menyu pale Ubungo alikuwa anaudhika bila kulipa, wakati nesi Mtanzania aliyeko London alikuwa ameshazoea kulipa ada kila mwezi na alitaka tu ada hiyo ipungue. Kero mbili za pesa za simu, mmoja mwenye mfuko wazi, mwingine hana sababu ya kuufungua.

Mfano ninaoupenda zaidi hauna umaarufu huo. KopaGas, iliyozaliwa Dar es Salaam, iliangalia nyumba zinazopikia mkaa ilhali duka la gesi liko hatua chache. Jibu la haraka lingekuwa kusogeza maduka, au kampeni ya kuelimisha watu madhara ya moshi, na Mungu anajua kampeni hizo zimekula pesa ngapi. Wao waliona kwamba shida ni mtungi kuuzwa mzima. Kipato cha siku hununua mkaa wa siku, wa kopo au wa fuko, ila hakinunui mtungi. Wakaweka mita juu ya mtungi, mtu akawa analipa kidogokidogo kwa simu kama anavyonunua umeme wa LUKU. Mwaka 2020 kampuni ya Circle Gas ikainunua teknolojia hiyo kwa dola milioni 25. Angalia kilichotengenezwa hapo: gesi ni ileile, jiko ni lilelile, kilichobadilishwa ni ukubwa wa kipande cha malipo. Na ndipo ninapomkumbuka fundi wetu, kwa sababu ugonjwa wake nao ni wa vipande vya pesa, vinavyoingia mapema mno na kuisha kabla ya kazi.

Tuseme basi kijana wa slaidi amekaa kibandani wiki kadhaa na ameyaona haya. Wazo lake sasa linaweza kuchipua pande kadhaa, na si zote zina afya.

La kwanza litakalomjia, hasa akiwa amesoma mambo ya fedha, ni kukishika kianzio yeye mwenyewe na kumpa fundi pesa nguo ikishatoka. Mteja atapenda. Fundi atakufa njaa Jumanne. Umemnyang'anya pesa ya leo bila kumpa nyingine, na atakachofanya ni kuendelea na wateja wake wasiopitia kwako. Kuna sura ya wazo hili inayoweza kuishi: malipo yakatwe mara tatu, kitambaa kikishakatwa, nguo ikishajaribiwa mwilini, na siku ya kuichukua. Hapo fundi ana sababu ya kukata mapema, kwa sababu kukata kunaleta pesa, na mteja ana sababu ya kuja kuchukua, kwa sababu ameshaweka nyingi. Lipa Namba, ile namba ya kupokelea malipo ya simu, inatosha kwa hilo.

La pili ni kumpelekea vifaa kibandani kwa mkopo wa wiki moja. Linavutia kwa sababu linagusa pale pesa inapovuja. Bitana hailiki, ukimpa fundi bitana badala ya shilingi, itaingia kwenye nguo. Ubaya wake ni kwamba sasa wewe ni mkopeshaji, na Tanzania hairuhusu mtu kujigeuza mkopeshaji bila leseni na utaratibu wake, na kuuza kwa malipo ya baadaye nako kunataka mtaji wa kulala nje. Maduka ya vifaa Kariakoo hukopesha mafundi wanaowafahamu kwa miaka. Utashindana na kufahamiana huko.

La tatu halina mvuto wowote jukwaani, na ndilo ningeweka pesa yangu: kituo cha kumalizia. Ovaloki nzuri, mashine ya matundu, mashine ya kuvisha vifungo kitambaa, pasi ya mvuke, betri ya kuhimili umeme ukikatika. Jioni nguo zinakusanywa kwa mafundi wa jirani, asubuhi zinarudi zimekamilika. Fundi anabaki na kazi anayoijua, kukata na kushona, na kijana wake hashindi barabarani na mfuko. Nguo iliyokuwa inalala siku nne ikisubiri wenzake inalala usiku mmoja. Aplikesheni ya nini hapo? Labda kundi la WhatsApp.

Na nani alipie kwanza? Hapa ndipo wazo linapobanwa mpaka litoe maji. Si "wanawake wa mijini wanaopenda mitindo", kama slaidi zinavyopenda kusema. Ni kamati ya harusi. Kamati ina tarehe iliyochapishwa kwenye kadi, ina mweka hazina, ina sare za watu 30 za kitambaa kimoja, na ikikosa tarehe hakuna "njoo kesho" itakayosaidia. Kwaya yenye tamasha, shule inayofungua muhula, hao ni ndugu zake. Kamati italipia uhakika kwa pesa taslimu, jambo ambalo mteja mmoja anayeshona gauni la Idd anafanya kwa kelele. Anza na sare za harusi, mafundi wa mtaa mmoja, na kituo kimoja. Wazo limekuwa dogo mno kulionea fahari, lakini sasa unaweza kulihesabu.

Kulijaribu hakuhitaji mtaji mkubwa, kunahitaji daftari. Kwa kila nguo inayoingia kwa mafundi wachache, andika siku iliyoletwa, siku iliyoahidiwa, siku iliyokatwa, siku iliyokwenda ovaloki, siku iliyokwisha, siku iliyochukuliwa. Pembeni andika kwa nini ililala. Baada ya mwezi safu mojawapo itakuwa nzito kuliko nyingine. Kama nguo nyingi zimelala kabla ya kukatwa, kituo cha kumalizia hakitasaidia chochote na wazo nililolipigia debe hapo juu ni la kutupa. Kama zimelala zikiwa zimekwisha, tatizo ni wateja, na malipo ya awamu tatu ndiyo ya kushikwa.

Lakini usiulize. Au ukiuliza, usiulize kwa jinsi vijana wanavyofundishwa kwenye semina, "je, ungetumia huduma hii?" Mswahili hamvunji moyo mgeni aliyekuja na daftari na soda. Fundi atakwambia ni wazo zuri sana mwanangu, limechelewa tu, Mungu akufungulie, na atakupa majina ya mafundi wengine watatu ukawaeleze. Utarudi nyumbani umejaza ukurasa wa ndiyo ambazo maana yake ni karibu tena. Muulize habari za nguo iliyopo mezani sasa hivi: hii ya nani, ililetwa lini, inasubiri nini, mara ya mwisho ulipeleka ovaloki lini na ulilipa shilingi ngapi. Hapo adabu haina pa kuingilia kwa sababu hujaomba kusifiwa. Ricky Rapa Thomson, mmoja wa waanzilishi wa SafeBoda ya Kampala, hakuhitaji kuuliza kwa sababu alikuwa amewahi kuendesha boda mwenyewe. Sisi ambao hatujawahi kukanyaga pedali ya cherehani inabidi tukae.

Kipimo cha mwisho ni bei. Wiki za mwanzo fanya bure, watakuja wote. Kisha sema ni 1,000 kwa nguo. Ukiona fundi anamtuma tena kijana wake na mfuko mtaa wa pili, umejua kwamba kwake muda wa kijana ni bure, na huduma yako inashindana na bure. Ukiona kamati ya harusi inakupigia yenyewe kuuliza kama unachukua sare za mwezi ujao, ongeza bei.

Mwekezaji atauliza hii itafikaje kwa watu milioni, na jibu la kweli ni kwamba huenda isifike. Kituo cha ovaloki hakikui kwa kubofya. Kila mtaa mpya unataka mashine mpya, mtu wa kuaminika wa zamu ya usiku, na mwenye nyumba asiyepandisha kodi akiona wateja. Hata eneo lina hesabu yake. Bodaboda kwenda na kurudi inaweza kumeza yote unayopata kwenye mfuko wa nguo tatu, kwa hiyo mafundi wako lazima wawe wa kufikika kwa miguu au kwa mkokoteni mmoja, wengi kwenye mitaa michache. Mitaa ya namna hiyo ipo Dar, ila kodi ya fremu za huko barabarani hulipwa kwa miezi sita au mwaka mzima kabla hujashona hata tundu moja la kifungo, na pesa hiyo ndiyo mtaji wa kwanza wa kutafuta, kabla ya kumlipa mtu wa kutengeneza aplikesheni.